Tarehe Kumi na Mbili

Kazi ya kubandika matangazo ina sheria moja tu, nayo haikuandikwa popote. Tangazo ambalo siku yake haijafika haliguswi. Hata kama ni la mtu usiyesalimiana naye, hata kama limebandikwa upogo na mtu aliyejifunza kazi jana, ukikuta tarehe yake iko mbele unalipita na kutafuta ukuta mwingine. Likishapitwa na siku limekufa, na tangazo lililokufa ni ukuta kama kuta nyingine. Unalipaka gundi, unabandika lako juu yake, unakwenda zako.

Ndiyo maana macho ya mbandikaji hayasomi kama macho ya watu. Mwingine ataanza na jina la mwimbaji au sura ya msichana aliyechorwa kando. Mbandikaji anakwenda moja kwa moja kwenye tarehe, na akishaipata hana haja na mengine.

Mzee Uji alikuwa ameishika sheria hiyo miaka ishirini na sita. Jina lake lilitokana na gundi yake, ambayo aliipika mwenyewe nyuma ya nyumba kwa unga wa ngano na maji, akiikoroga mpaka inashika mwiko. Aliyeanza kumwita hivyo ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi cherehani aliyekaa chumba cha pili katika ua uleule. Kila asubuhi shemeji alitoka na kikombe chake cha chai, akachungulia sufuria, akauliza kama leo kuna uji wa binadamu au ni wa kulisha kuta tena. Utani uleule, miaka tisa, na kila asubuhi walicheka. Jina likatoka uani likaingia mtaani, mwisho hata askari wa manispaa waliomkimbiza walimwita hivyo.

Maana walimkimbiza. Kubandika matangazo barabarani kulikuwa kosa tangu zamani, lakini kosa la kufumbiwa macho. Wenye maonyesho walitaka watu wajae kumbini, manispaa nayo ilijitia haioni, ila mara moja moja ilipotaka kuonekana inafanya kazi. Hivyo Mzee Uji alitoka alfajiri, ndoo mkono mmoja, ngazi begani, brashi pana kiunoni, na askari walipokuwa wanamaliza kifungua kinywa yeye alikuwa amekwisha kurudi. Ngazi ile aliichonga mwenyewe kwa mbao ngumu. Hakuwahi kumwazima mtu.

Alikuwa na unadhifu wake pia, ambao wenzake waliucheka. Kona ya chini, upande wa kulia, hakuipaka gundi. Aliiacha kavu, imenyanyuka kidogo, ili siku ya onyesho ikipita arudi alivute tangazo lote kwa mkono mmoja badala ya kuacha ukuta na vipande vipande kama nguo ya ombaomba. Wabandikaji wote wa mji waliijua kona ile. Ilikuwa saini yake.

Sasa, juu ya mtaro mkubwa unaopeleka maji ya mvua nje ya mji, kulikuwa na daraja la waenda kwa miguu, vyuma viwili vyenye kutu na mbao zilizopangwa juu yake. Kwenye mdomo wa daraja palisimama nguzo nene ya zege, na kwa mbandikaji hapakuwa mahali pazuri kuliko pale. Kila anayevuka lazima aitazame. Mzee Uji aliifikia nguzo hiyo alfajiri ya tarehe kumi na nne, akiwa na matangazo ya onyesho la vichekesho, sura kubwa ya mchekeshaji imekenua meno yote thelathini na mawili. Kwenye nguzo palikuwa na karatasi nyeupe, kubwa kama zake, imebandikwa kwa gundi kama yake. Macho yake yakaenda kwenye tarehe. Kumi na mbili. Akapaka, akabandika, akaacha kona kavu, akabeba ngazi. Alikuwa na nguzo kumi nyingine mbele yake na kulikuwa kunakucha.

Mvua ilinyesha mchana kutwa, ikaendelea mpaka watu wakalala. Asubuhi ya tarehe kumi na tano mbao za katikati zilikatika, na aliyekuwa juu yake ni shemeji, amebeba sare za wanafunzi alizomaliza kuzishona. Walimtoa chini kabisa, mahali mtaro unapopinda. Sare zilikuwa bado zimefungwa vizuri kwenye mfuko wake wa nailoni.

Mzee Uji alifika akikimbia pamoja na watu wengine wa mtaa. Wao walitazama chini. Yeye aligeuka, bila kujua kwa nini, akatazama nguzo. Mvua ilikuwa imelegeza ukingo wa juu wa tangazo lake, na juu ya kichwa cha mchekeshaji ulichungulia mstari wa maandishi mekundu. Akaunyanyua kwa kidole na kusoma. KUANZIA TAREHE 12 DARAJA HILI NI BOVU NA HALIPITIKI. Chini yake, muhuri wa manispaa.

Alikuwa anajua kusoma vizuri sana, hilo lieleweke. Alisoma magazeti, alisoma barua za watu wasiojua kusoma. Angeisoma na ile kama angetaka. Hakuona haja, basi, na hilo ndilo lililomkaa kooni siku zote zilizofuata. Siku ile aliuachia mstari ule, akaulaza kwa kiganja, akashuka mtaroni kusaidia kumbeba.

Alisema atamwambia mkewe wakishazika. Walizika, naye alishika jeneza upande wa kichwa. Kisha akasema atamwambia wageni wakiondoka. Wageni wakaondoka. Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache tangu zamani, na sasa hata hayo machache yalikuwa yamebaki sentensi moja, aliyoisema akiwa anafua, akiwa anapepeta mchele, akiwa ameketi tu. Mdogo wangu alikuwa anasoma kila kitu. Ilikuwa kweli. Shemeji alisoma vibao vya maduka na karatasi iliyofungia sabuni, akasimama njiani kusoma tangazo la dawa ya mende. Lile la nguzoni lisingempita. Kila mara mkewe aliposema hivyo, Mzee Uji alipata kazi ya kufanya nje.

Habari ya tangazo lililofunikwa ilitoka wiki hiyohiyo. Manispaa iliipiga picha nguzo, kisha ikaikwangua, ikatangaza kuwa wananchi walionywa ila wahuni wa matangazo walilifunika onyo. Ikaitisha kikao cha wazi kujadili kupiga marufuku kabisa matangazo ya barabarani. Safari hii ingekuwa marufuku yenye meno, ya kumtia mtu ndani.

Siku tatu kabla ya kikao, Katibu alikuja. Alikuwa katibu wa chama cha wabandikaji, mtu mwembamba mwenye ulimi mrefu, mwenye uwezo wa kumwuzia kiziwi redio. Alikaa kwenye kigoda uani, akatoa pole kwa mara ya nne au ya tano, kisha akasema wanachama wamekata shauri kwamba Mzee Uji ndiye atakayewasemea. Yeye ni mkongwe, anaheshimika, na isitoshe ni mfiwa. Nani atathubutu kumkatiza mfiwa?

Mzee Uji alisema hawezi. Katibu akauliza kwa nini. Mzee Uji akasogeza ndoo yake kivulini. Katibu alitazama mlango wa jikoni, akahakikisha mke hayupo karibu, akavuta kigoda.

"Kona tuliiona, mzee wangu," alisema. "Siku ileile. Wote tuliiona."

Katibu aliendelea polepole, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba hakuwa mtu mbaya. Alisema hakuna mwanachama aliyefungua mdomo, wala hatafungua. Kisha akauliza jambo ambalo Mzee Uji, katika majonzi yake yote, hakuwa amelifikiria. Manispaa ilijua daraja ni bovu. Mhandisi alilikagua, akaandika, akapiga muhuri. Kwa nini hawakupigilia mbao mbili kwenye mdomo wake? Mbao mbili na misumari minane, na hakuna ambaye angevuka, awe amesoma au hajasoma, awe anaona au kipofu. Walileta karatasi moja, wakaibandika upande mmoja tu wa daraja. Upande wa pili haukuwa na hata hiyo.

"Uliza hivyo tu," Katibu alisema. "Lakini ukijitaja, mzee, hakuna atakayeuliza habari ya mbao tena. Watakuwa wameshapata mtu."

Mzee Uji alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Alitafuta kosa ndani yake hakuliona. Kila neno lilikuwa kweli, nayo kweli ile ilimpa ruhusa ya kunyamaza, na ruhusa hiyo alikuwa anaitaka mno. Alijiona mchafu kwa kuitaka.

Kikao kilifanyika mchana, katika ukumbi wa manispaa, feni tatu zikizunguka na moja ikipiga kelele tu. Mbele walikaa mwenyekiti, mama wa miwani aliyependa watu waseme kwa kifupi, na mhandisi, kijana wa shati jeupe lililoanza kulowa kwapani. Wabandikaji walijaza safu za nyuma. Mkewe Mzee Uji alikaa safu ya pili, peke yake, amejifunga kanga ya msiba. Alikuwa ameondoka nyumbani mapema bila kusema anakwenda wapi.

Alipoitwa, Mzee Uji alisimama akasema aliyofundishwa, na aliyasema vizuri kuliko alivyotarajia. Alieleza kuwa wabandikaji ni watu wa familia. Alieleza kuwa bila wao mwimbaji mdogo asiye na uwezo wa kulipia redio hatasikika na mtu. Ndipo akauliza habari ya mbao mbili na misumari minane. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mhandisi akajibu kuwa fungu la vifaa lilikuwa halijaidhinishwa. Mtu wa nyuma akauliza kwa sauti misumari minane inaidhinishwa na nani, watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha. Mwenyekiti alivua miwani, akamwuliza mhandisi maswali mawili ambayo hakuweza kuyajibu, akaanza kusema kuwa labda suala la marufuku lisubiri kwanza uchunguzi wa daraja. Katibu aliinamisha kichwa kuficha tabasamu.

Hapo mkewe akanyoosha mkono.

Alisimama bila kurekebisha kanga yake iliyoanguka begani. Alisema yeye ni dada wa marehemu. Alisema mbao zitajadiliwa na wanaozijua mbao, na marufuku ijadiliwe na wanaoijua sheria. Yeye ana swali moja. Mdogo wake alikuwa anasoma kila kitu. Anataka kumjua mtu aliyemziba macho. Hataki afungwe wala apigwe. Anataka kumjua, kwa sababu sasa hivi kila mwanamume anayepita na ndoo barabarani anamchukia, na amechoka kuchukia watu wengi kwa kosa la mmoja.

Akakaa. Mwenyekiti aliagiza picha ya nguzo ipitishwe, labda kuna atakayesaidia. Picha ikatembea safu kwa safu. Mzee Uji aliifuata kwa macho. Kila mbandikaji aliyeipokea aliitazama kona ya chini, upande wa kulia, akampa mwenzake bila kuinua uso. Watu kumi na wanne, wote wamemwona mle ndani, wote wameziba midomo kwa ajili yake. Ikamfikia mkewe. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, sura ile imekenua meno mbele ya mahali mdogo wake alipokanyaga mara ya mwisho. Hakuona kitu. Miaka ishirini na sita amefua suruali zenye gundi, lakini hakuwahi kuifuata kazi ya mumewe mpaka kwenye kona. Akaipitisha.

Mzee Uji alikuwa bado amesimama. Hakuna aliyemwambia akae.

"Ni mimi," alisema.

Watu hawakumsikia vizuri, ikabidi arudie. Akaeleza habari ya tarehe, jinsi mbandikaji anavyotazama, jinsi kumi na mbili ilivyokuwa imepita siku mbili, jinsi kwa sheria yao tangazo lile lilikuwa limekufa. Alipokuwa anaeleza alisikia mwenyewe jinsi lilivyokuwa jambo dogo, la kijinga. Hakumtazama mkewe. Alimtazama mhandisi, na akaona mabega ya kijana yule yanashuka, mtu aliyetuliwa mzigo. Kijana akatoa leso, akajifuta shingo.

Mambo yalikwenda kama Katibu alivyosema. Hakuna aliyetaja mbao tena. Marufuku ilipita kabla feni haijapumzika, mikono ikinyanyuliwa huku na huku, ianze tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Askari wawili walimchukua Mzee Uji kuandika maelezo, wakamwachia jioni asubiri kuitwa. Nje ya ukumbi wenzake walimpisha njia. Ni Katibu peke yake aliyemsogelea, na hakumtukana.

"Umejitua mzigo wewe peke yako," alisema tu, na akaondoka.

Nyumbani mkewe alikuwa ameketi uani, kwenye kigoda kilekile.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile."

Alitikisa kichwa, taratibu, kama anayehesabu siku.

"Ulimbeba," alisema. "Ulishika upande wa kichwa."

Mzee Uji alisema ndiyo. Mkewe aliinuka, akaingia ndani, akafunga nguo zake. Kaka yake alikaa ng'ambo ya mtaro, na huko ndiko alikokwenda. Hakugombana wala hakulia. Mume alisimama mlangoni, akasogea kumpisha.

Alikaa nyumbani siku tano bila kuwasha moto. Siku ya sita, saa tisa alasiri, alichukua ngazi, msumeno, nyundo na kopo la misumari ya zege, akaenda darajani.

Mambo yalikuwa yaleyale. Watu walikuwa wameshatupia ubao mmoja juu ya pengo na wanavuka, mmoja mmoja, wamenyoosha mikono kama watoto kwenye ukingo wa barabara. Kuzunguka ni karibu saa nzima, na mtu mwenye haraka hana subira. Kwenye nguzo palikuwa na karatasi mbili mpya nyeupe. Ya kwanza ilisema kuwa kuanzia tarehe 12 daraja halipitiki. Ya pili ilisema kuwa kuanzia tarehe mosi ni marufuku kubandika tangazo lolote mahali hapa. Mzee Uji alizisoma zote mbili, neno kwa neno, mpaka mihuri. Safari hii alizisoma.

Kisha akailaza ngazi chini na kuanza kuikata. Mbao zake zilikuwa ngumu kweli, alizichagua mwenyewe ujanani, na msumeno ulikwama mara kadhaa. Alipigilia nguzo moja ya ngazi kimo cha kifua, kutoka kwenye zege mpaka kwenye mhimili wa mbao ulioikabili. Akaanza ya pili, kimo cha goti. Watu walikusanyika. Mmoja akauliza kwa amri ya nani, mwingine akasema si huyuhuyu aliyemwua yule fundi, leo anajifanya nani. Mzee Uji aliendelea kupigilia. Ni kweli, alikuwa huyohuyo. Wengine walirudi, wengine waliinama wapite chini ya mbao, naye akaongeza vipandio vya ngazi katikati mpaka pasibaki pa kuinamia.

Alikuwa na msumari mdomoni alipomwona mkewe. Alikuwa anatokea nyumbani, ameingia alipojua mumewe hayupo, na kichwani amebeba cherehani ya mdogo wake, chuma kizito, mkono mmoja umeishika. Njia yake ya mkato ilikuwa hapo. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye mbao.

Mzee Uji alitoa msumari mdomoni.

"Mama, hapa hapapitiki."

Mkewe alitazama vipande vya ngazi, akavitambua. Akatazama nguzo, akazisoma karatasi zote mbili, midomo ikitembea. Alichukua muda wake.

"Sasa ndiyo unasema," alisema.

Mzee Uji akasema cherehani ni nzito, amsaidie kuibeba mpaka kwa kaka yake. Mkewe akasema aiache, safari hii mdogo wake atambeba mwenyewe. Akageuka, akaishika njia ndefu kando ya mtaro, akitembea polepole kwa ajili ya mzigo. Mzee Uji alimtazama mpaka alipokata kona. Upande wa pili wa daraja bado ulikuwa wazi, na mbao zilikuwa zimebaki chache, kwa hiyo akakusanya misumari yake na kwenda kuzunguka.